Maji ya Mgongo wa Mke Wangu Yalichemshwa kwa Stovu Yangu Mwenyewe, Acheni Uzushi

Kamwene, wakuu wote mnaokunywa chai hapa njiapanda ya Makambako.

Mimi ni yule mwenye lori la kijani, lenye ubao wa nyuma ulioandikwa JASHO LANGU. Usiponijua, uliza meza ya jirani.

Nianze hivi: duniani hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata mkonge Tanga nikiwa manamba, nikarudi na cherehani kichwani. Fisi amekula soli ya kiatu changu nimelala chini ya lori, na kiatu nimekivaa. Lori lenyewe nililinunua halina injini, watu wa Mjimwema wakacheka wakashika mbavu. Leo watu hao hao wananisimamisha barabarani wamevua kofia.

Shule niliishia darasa la pili. Lakini mkono wangu unaandika, na ninachoandika hapa nilikiona kwa macho haya mawili.

Kwa mgeni anayefungua daftari hili leo: mama mwenye hoteli aliliweka mezani ili madereva tuachiane habari za barabara. Daraja limeondoka, mahali fulani kuna tope, fulani kaacha mzigo. Siku hizi tunaandika mengine yote, na mwenye jibu anajibu chini yake. Ndiyo raha yake.

Sasa, kurasa tatu nyuma kuna ndugu wa Songea kaandika kwamba hospitali za misheni zinachoma wajawazito sindano za mgongo, zinakamua maji ya uti, halafu yanapikwa motoni yawe mumiani ya kupeleka Ulaya.

Chini yake watu saba wameandika "kweli tupu". Mmoja katia na saini.

Ndugu yangu wa Songea, hebu kaa vizuri. Ulimwona nani? Mimi nilikuwapo. Mgongo ulikuwa wa mke wangu. Na moto ule unaousema niliupampu mimi.

Haya, sikilizeni.

Mke wangu anaitwa Eliza. Mimba mbili za kwanza zilifika mwisho wake na hatukupata mtoto wa kumshika. Alizalia nyumbani mara zote mbili, mara zote mbili mtoto akakwama, na ya pili ilibaki kidogo tu niwazike wote.

Ya tatu nikasema, hapana. Mimi nimefufua lori lililokufa, sitashindwa na hili. Tutakwenda hospitali, kwa wenye vyuma.

Uchungu ulianza alfajiri, mvua za Machi, Makambako upepo wake mnaujua. Nikamwita mkunga wa zahanati, mama mmoja asiyecheka. Akampapasa Eliza tumbo, akatoka nje kunitafuta.

"Mtoto kakingama, kama gogo la kuvukia mto," akasema. "Huyu hapiti mlangoni. Mpeleke misheni leo hii. Na asitie kitu mdomoni, hata uji, maana watampasua."

Aliniambia mimi peke yangu. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba, anafunga mizigo.

Hapa nisimame kidogo, maana humu wanasoma watu wa pwani na watu wa Ziwa, wasije wakapotea.

Kwetu sisi, mama mkwe anaheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Akija njiani, mimi naingia porini. Nikiingia uani, yeye anajifunika nguo na kugeukia ukuta. Hatutazamani, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Hali hiyo inakwisha siku mkwe atakapotoa mali ya kufungua mdomo, na mimi nilikuwa sijatoa.

Si kwamba sikuwa nayo! Nilikuwa na safari nyingi.

Basi nikamlaza Eliza nyuma ya lori, godoro juu ya magunia ya magome ya miti ya miwati, turubai juu. Mama mkwe akapanda huko huko nyuma, uso kageuzia ubao. Kiti cha mbele kwangu kilikuwa kitupu, lakini afadhali anyeshewe kuliko akae na mkwewe bega kwa bega.

Nyuma ya kichwa changu pale kwenye kebini pana kidirisha kisicho na kioo. Ndipo maneno yalipopitia.

"Eliza, mwambie mama ashike turubai."

"Mama, anasema shika turubai."

"Mwambie huyo aendeshe kama kabeba mayai, si kama kabeba mawe."

"Anasema uendeshe kama..."

"Nimesikia. Mwambie barabara hii haikutengenezwa na mimi."

Eliza uchungu ukambana, akapiga kelele mpaka nikakanyaga breki. Ulipomwachia akasema, "Mimi ndiyo posta yenu? Leo? Leo hii mimi ndiyo posta?"

Nikamwambia, "Neno la mwisho. Mkunga amesema usile chochote. Mwambie na mama."

Hakunijibu. Nikajua ujumbe umefika, nikaweka gia.

Wakuu, hapo ndipo kosa lilipo. Nilituma barua muhimu kwa posta iliyokuwa inawaka moto. Lakini wakati ule nilijiona nimemaliza kazi.

Kabla ya kufika Njombe tukazama kwenye tope, mlima ule wa udongo mwekundu mnaoujua. Nikachukua jembe, nikachimba. Wakaja wanaume sita waliokuwa wanapalilia shamba, tukasukuma. Nilichimba kama mtu anayefukua mtu aliye hai. Ilituchukua muda wa kutosha chungu kuchemka mara mbili.

Kumbe nyuma kule, chini ya turubai, mambo mengine yanaendelea.

Tulifika misheni jua limepita utosi. Jina la hospitali silitaji, mtaniuliza mkinikuta. Barazani akatupokea dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Mpangwa, mtu wa Lupingu, mfupi hivi, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Eliza akaingizwa ndani kwa machela. Baadaye dresa akatoka na daftari lake.

"Amekula?"

Nikaweka mikono kiunoni. "Hajala tangu jana jioni. Nimehakikisha mwenyewe."

"Mwenyewe kwa macho?"

"Bwana mdogo, mimi nikisema kitu kimesemwa."

Akaandika. Akaniambia daktari atampasua sasa hivi, ila kwanza watamlaza kwa ile dawa ya kunusa, anawekewa kitambaa puani analala fofofo. Akageuka kwenda zake.

Mama mkwe alikuwa amekaa majanini, hatua kama ishirini, mgongo kaupa baraza, lakini sikio kalitega. Nikamwona anasimama.

Nikadhani anakwenda haja. Nikageuza uso kwa heshima.

Nikasikia nyayo zinakuja. Hazikupita. Zikasimama mbele yangu.

"Wewe mwanamume. Nitazame."

Wakuu, mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza, siku hiyo nilishangaa. Nikajifunika uso kwa kofia. Wanawake waliokuwa wanasubiri pale barazani wakasema "Yeeeh!" kwa pamoja, kama kanisani.

Akaninyang'anya kofia.

"Kala," akasema. "Nimemlisha mimi, ulipokuwa unachimba. Uji wa ulezi kibuyu kizima, na viazi. Mwanamke hazai na tumbo tupu, ndivyo nilivyolelewa. Hakuna aliyeniambia asile. Na huyo mtu mfupi umemwambia nini? Mtu analazwa na chakula tumboni? Kamwambie ukweli, sasa hivi, au nitakwenda mimi."

Aibu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, mjue. Alikuwa amevunja mwiko mbele ya watu. Lakini macho hayakushuka.

Nikakimbia. Nikasukuma mlango ulioandikwa usiingie.

"Dresa! Nimesema uongo! Kala. Kala uji na viazi njiani."

Dresa alikuwa ameshika ile chupa ya kunusa mkononi. Akaiweka chini taratibu sana. Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyekunya kanisani.

"Tajiri," akasema, "unajua ungemuua? Mtu akilala na tumbo limejaa, chakula kinarudi kooni, kinaingia mapafuni, anazama kwenye uji wake mwenyewe. Nani amekutuma kutuhakikishia?"

Nikasema, kosa ni langu. Andikeni hiyo, maana haitokei mara nyingi.

Daktari, Mzungu mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema neno moja: "Sindano."

Yaani asilazwe. Achomwe mgongoni, maji ya ganzi yaingie kwenye uti, nusu ya chini ife ganzi, apasuliwe akiwa macho. Hiyo ndiyo sindano ya mgongo mnayoitungia hadithi.

Nikatolewa nje, ila mlango wa baraza ulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, nikawa naona. Eliza kaketishwa juu ya meza, kakunjwa kama mtu anayefunga viatu. Wauguzi walikuwa wawili tu, na wa kumshika hawakutosha. Sista akatoka, akamwita mama mkwe, akamvalisha joho jeupe, akaingia naye. Mama akamkumbatia bintiye kwa mbele, kichwa begani.

Daktari akachoma. Akatoa. Akachoma tena. Mgongo wa Eliza umepinda tangu utotoni, alianguka kutoka juu ya mti wa matunda, na tumbo lile lilimzuia kukunjika sawasawa. Daktari akatia ganzi ya nyama, akatia maji ya chumvi kidogo kutafuta njia, akachoma mara ya tatu.

Sindano ikaanza kutoa tone. Jeupe, safi kama maji ya chemchemi. Tone, kisha kimya. Tone tena.

Nikasema, haya, yametoka. Lakini daktari hakufurahi.

Dresa akatoka mbio kwenda kabati la barazani. Nikamshika mkono. "Kuna nini?"

"Hajui ni maji gani. Yakitoka kwenye uti huwa yanachuruzika. Haya yanadondoka kivivu. Labda ni ya uti kweli, labda ni maji ya chumvi aliyotia yeye mwenyewe yanarudi. Akimwaga ganzi mahali sipo, mkeo atausikia wembe wote. Na ganzi ya uti imebaki chupa moja, ya pili haipo mpaka wiki ijayo."

"Sasa mnajuaje?"

"Sukari," akasema. "Maji ya uti wa mtu yana sukari kidogo. Maji ya chumvi hayana hata chembe."

Akatoa chupa ya dawa ya buluu. Naijua dawa ile, ndiyo wanayopimia mikojo ya wenye ugonjwa wa sukari. Unaitia kwenye kichupa chembamba kama kidole, unadondoshea maji yako, unachemsha. Pakiwa na sukari, buluu inageuka rangi. Pasipo na sukari, buluu inabaki buluu.

Kwa hiyo ndugu wa Songea, "kupika" kwenyewe ndiko huko. Na maji yenyewe hayakujaza hata kifuniko cha chupa ya wino.

Dresa akainua ile taa ndogo ya spiriti. Akaitikisa. Akaitikisa tena, karibu na sikio.

Kavu.

Akafungua kabati, chupa ya spiriti kavu nayo. Akasema jikoni misheni ni mbali, na kuni zote zimelowa. Ndani kule Eliza amekunjwa na chuma mgongoni, uchungu unakuja na kwenda, na hatakiwi kutikisika hata unywele. Nikamsikia mama mkwe anamwambia kwa Kibena, pole pole, pumua na mimi, pumua na mimi.

Nikasema, "Nina stovu."

Mnaijua stovu yangu, ile ya shaba, ya kupampu, ninayochemshia chai Chimala nyinyi mkitafuna miwa. Nikaruka hadi kwenye lori, nikarudi nayo. Nilipita matope yale sikumbuki kama niliyakanyaga.

"Iwashie huku mwisho wa baraza," dresa akapiga kelele, "mbali na mlango! Ile dawa ya kunusa ikisikia moto tutaruka wote mpaka Lupingu, nikasalimie nyumbani!"

Sasa stovu ya kupampu lazima ipate moto kichwani kwanza, na watu wastaarabu wanatumia spiriti. Spiriti hakuna. Nikachana upindo wa shati langu, nikauchovya petroli, nikauzungushia shingo ya stovu. Dereva yeyote anaijua njia hii, na dereva yeyote aliyewahi kuifanya hana nyusi.

Upepo ukauzima. Nikawasha tena, ukazima.

Nikavua koti. Koti hilo, wakuu, ndilo lile la sufu la Nairobi, mlilokuwa mnalisema humu kwa wivu. Nikalitanda kama ukuta, nikapiga magoti, nikawasha mara ya tatu. Likashika moto ubavuni. Sikuliachia. Moto wa petroli ukapanda, ukashuka, nikaanza kupampu. Stovu ikakohoa, ikatema mafuta, ikakohoa.

Kisha ikanguruma. Buluu.

Dresa akaja na vichupa viwili kavishika kwa kibanio cha mbao. Kimoja chenye maji ya chumvi kutoka kwenye chupa yao, cha ushahidi. Kingine chenye matone ya Eliza. Vyote buluu, sawasawa, usingeweza kuvitofautisha.

Akavishikilia juu ya moto. Vikaanza kutoa vipovu.

Buluu na buluu.

Nikamwuliza, "Vipi?"

"Nyamaza, tajiri."

Buluu na buluu. Ndani Eliza akalia, kilio kirefu, na mama mkwe sauti yake juu yake, pumua na mimi. Nikaanza kusali, na mimi si mtu wa kusali, kanisani nakwenda kuonyesha koti.

Kisha kichupa cha kulia kikachafuka. Kama mtu katia tone la majani mabichi ya chai. Kikawa kijani. Kijani hafifu, lakini kijani. Cha kushoto kikabaki buluu kama mbingu ya Juni.

"Kipi cha kwake?" nikauliza.

Dresa alikuwa ameshaondoka. Nikamsikia ndani anasema, "Kijani, Daktari! Sukari ipo!"

Nikachungulia kwenye kioo. Daktari akaunga bomba la sindano, akasukuma ganzi taratibu, akachomoa. Wakamlaza. Wakasubiri kidogo, sista akamfinya paja. "Unasikia?"

Eliza akasema, "Nasikia njaa."

Hata baada ya kibuyu kizima! Daktari mwenyewe akacheka, kisha akachukua kisu.

Sikutazama tena. Nimesema hakuna cha kunishangaza, sikusema kila kitu nakitazama. Nilikaa sakafuni nikipampu stovu isiyo na kazi, pampu, pampu, mpaka nikasikia mtoto analia.

Ni wa kike. Ana sauti ya honi.

Siku ya tatu nikaruhusiwa kuingia kumwona Eliza. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kitanda, kapakata mtoto, kajifunika, kageukia ukuta. Tumerudi kwenye desturi, kama vile lile la barazani halikutokea.

Nikamwambia Eliza, "Mwambie mama asante."

Eliza akafumba macho. "Posta imefungwa."

"Eliza."

"Imefungwa. Karani amepasuliwa tumbo."

Nikasimama pale kama gogo. Nikavua kofia mwenyewe safari hii. Nikasema, "Mama. Asante. Usingesimama, leo ningekuwa nachimba pengine pabaya zaidi."

Kisha ukuta ukasema, "Asante kavu huwa inakwama kooni, mkwe. Unajua kinachodaiwa."

Hilo ndilo nililojifunza, wakuu. Nilizoea kusema nimehakikisha wakati sijahakikisha. Ukipewa neno la kuokoa mtu, lipeleke mwenyewe mpaka sikioni kwa anayehusika, hata kama kuna mwiko katikati. Mwiko una njia ya kulipiwa. Na ukiulizwa na mganga mgonjwa kala nini, sema alichokula. Usiseme unachojivunia.

Na nyinyi saba wa "kweli tupu", rudini kurasa tatu nyuma mkafute. Mwenye mke aliyechomwa sindano ya mgongo aandike chini hapa ilikwendaje. Mwenye kunibishia naye aandike, nipo Jumanne na Ijumaa. Kalamu imefungwa kamba mezani, msiondoke nayo.

Najua mtaniuliza gharama. Misheni hawakutaka kwangu zaidi ya chupa mbili za spiriti, nimewapelekea nne. Koti silihesabu, nalivaa hivyo hivyo na tundu lake.

Iliyoniuma ni ya mama mkwe, ya kufungua mdomo: mbuzi jike, kaniki mbili, jembe jipya, na ratili moja ya sukari aliyoidai mwenyewe, akisema na yeye anataka kupimwa kama na kwake imo.

Shilingi thelathini na sita na senti sitini na tano.